Nilikwenda Nairobi Kununua Mwanasesere

Tangu nishuke kwenye basi hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nilifika salama. Wote mna swali moja: "Mwalimu Rispa, ni kweli ulikwenda hadi Nairobi kununua mwanasesere? Wa mjukuu gani?" Nimejibu mlangoni, nimejibu sokoni, nimejibu baada ya ibada, na kila mara mtu ananikatiza kabla sijafika hata Nakuru. Basi nimeamua kuandika. Kaeni chini msome, na anayetaka kucheka acheke akimaliza.

Mwanasesere ni wangu mimi. Nimefundisha sayansi kimu miaka yote mnayoijua. Binti zenu wamejifunza kwangu kushona gauni na kukaanga mayai bila kuyaunguza. Nilipostaafu nilitaka kitu kimoja tu ambacho si cha shule, si cha kanisa, wala si cha mtoto wa mtu. Mnamkumbuka Naomi, yule Mjapani wa kujitolea aliyefundisha hesabu shuleni kwetu. Alikuwa na mwanasesere wa resini, yaani ile plastiki nzito inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda kama jiwe. Viungo vyake vilikuwa vya tufe: kila goti na kila kiwiko ni kama gololi iliyokaa ndani ya kikombe, na lastiki imepita ndani ya mwili wote ikivishika pamoja. Ukimkunja anakunjika, ukimsimamisha anasimama. Nilimshonea nguo muda wote Naomi aliokaa hapa. Siku ya kufunga mizigo aliniambia kwa kile Kiswahili chake cha taratibu, "Mwalimu, wa kwanza usichague uso. Chagua fundi."

Nilidhani ni ushauri mwepesi.

Kakamega hadi Mau Samiti

Basi lilikufa karibu na Mau Samiti, mahali ambapo baridi haina adabu. Kondakta alisema ni dakika tano. Tulishuka, tukala viazi vya kuchoma na pilipili, tukamaliza, tukanunua vingine, na fundi bado alikuwa chini ya basi, miguu tu ndiyo inayoonekana.

Baridi iliporudisha watu ndani, kando yangu alikuwa ameketi mzee mmoja wa koti refu. Alikuwa mtu mzuri hadi aliponiuliza safari yangu ni ya nini.

"Naenda kununua mwanasesere."

"Ah, wa mjukuu."

"Hapana, baba. Wangu."

Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Kisha akauliza kama nimeokoka. Nilipomwambia mimi ni mweka hazina wa akina mama kanisani, alisema hao ndio shetani huwatafuta kwanza, na akaanza kuniombea. Kwa sauti. Mkono juu ya kichwa changu, mbele ya abiria wote, ndani ya basi lililokufa! Watu waliitikia amina bila kujua kosa langu. Mama mmoja wa viti vya nyuma alinipa chungwa na kuniambia nisikate tamaa, wengi wamepona.

Ningekuwa ninakwenda kununua pikipiki ningeachwa nile viazi vyangu kwa amani.

Tulifika Nairobi jioni. Mdogo wangu Jescah alikuwa stejini tangu mchana, amejifunga leso mbili, na nilimkuta akigombana na kila kondakta aliyepita. Mnamjua Jescah, anauza mboga soko la Kangemi. Alinikumbatia, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema polepole, "Dada, hicho kitu ukikinunua kitalala wapi? Kwa maana chumba changu ni kimoja."

Katikati ya jiji

Asubuhi nilishuka mjini peke yangu. Nilikuwa nimeelekezwa kwenye jengo moja nyuma ya Moi Avenue, yale majengo ambayo kila sakafu imekatwakatwa kuwa vibanda vya upana wa kabati. Unapita kwenye suruali, sidiria, simu za mkono, mafuta ya nywele, na ghorofa ya juu kabisa unampata bwana mmoja anayenukia manukato, watu wanamwita Maish. Nyuma yake, kwenye rafu ya kioo, walisimama wanasesere wanne wa viungo vya tufe. Nawaambia ukweli, moyo wangu uliruka.

"Karibu, mathe. Ni ya mtoto?"

"Ni yangu."

"Sawa, hakuna shida. Hii ni orijino ya Japani. Lakini haishikwishikwi."

"Aliitengeneza nani?"

"Japani."

"Japani ni nchi. Mimi nauliza fundi."

Alicheka. "Mathe, ukinunua redio unauliza nani aliunda?"

Niliomba kumwona mmoja kwa karibu. Alikuwa amepakwa rangi nyeupe yenye wekundu kama nyama ya kuku, na mdomo mwekundu kupita kiasi. Lakini mikono! Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimekunjwa kidogo kwa ndani, kama cha mtu anayeshika kikombe cha chai moto. Aliyewaza kidole kile alikuwa amewatazama watu wakinywa chai. Nikasogeza pua. Akanuka gereji, ile harufu ya faibaglasi wanayozibia matatu zilizogongwa. Na pajani palikuwa na ukingo uliokimbia toka juu hadi chini, haukulainishwa hata kidogo.

"Msimamishe nimwone."

"Anasimama kwenye stendi."

"Asimame kwa miguu yake."

Alikataa, nikang'ang'ania, mteja mwingine akaja, na na ili nimtoke, Maish akanipa mwanasesere mkononi. Nilimshika kiunoni kama Naomi alivyonifundisha. Mkono wa kulia ukadondoka wenyewe juu ya kaunta.

"Umevunja!" Maish alifunga mlango mdogo wa kibanda na kuushika mkoba wangu. "Hapa ukivunja umenunua."

"Sijavunja. Umedondoka."

"Cucu, usinichezee. Lipa."

Sasa, mimi kuitwa cucu, yaani nyanya kwa Kikikuyu, na mtu ambaye meno yake na yangu hayapitani sana kwa umri, hilo peke yake lilitosha. Lakini watu walikuwa wamejaa kutoka vibanda vyote, na nilisikia mmoja akisema hawa wazee wa mashambani wanakuja kuiba. Mimi! Niliyeshika pesa za akina mama wote wa parokia bila senti kupotea!

Niliingiza kidole kwenye tundu la bega na kuvuta. Ilitoka lastiki. Haikuwa lastiki, jamani. Ilikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa kwa wembe na kuoza katikati. Nilikiinua juu kila mtu akione.

"Hii ndiyo Japani?" nikauliza.

Mama wa kuuza sidiria kwenye kibanda cha mbele ndiye aliyecheka kwanza, na kicheko chake kiliwaambukiza wote. Maish alinirudishia mkoba kwa vidole viwili, kana kwamba ndio uliokuwa unanuka. Hakusema pole. Nilishuka ngazi zote, nikaagiza chapati na maharagwe kwenye hoteli ya chini, na hadi leo sijui zilikuwa na chumvi au la.

Westlands hadi Kitisuru

Naomi alikuwa amenitajia mwanamke mmoja wa Kitisuru anayewauza wanasesere kwa niaba ya fundi wa ng'ambo. Siku iliyofuata nilikwenda. Kutoka Westlands nilitembea kwa miguu, na nataka mjue kwamba barabara za huko hazikujengewa watu. Kuna ua, kuna ukuta, kuna gari. Mtu hana pake. Mvua ilikuwa imenyesha, na gari moja kubwa lilinimwagia tope toka kiunoni kwenda chini, dereva asigeuze hata shingo.

Getini askari alikuwa mtu wa kwetu, nilimjua kwa lafudhi tu.

"Umekuja kwa nani, mama?"

"Nimekuja kuona wanasesere."

"Wana nini?"

"Watoto wa bandia."

Alishika simu ya getini akasema, "Madamu, yule mama wa watoto amefika." Akanielekeza njia ya nyuma. Niliwekwa jikoni kwenye stuli, nikapewa chai kwenye kikombe kilichopasuka mdomo, nikangoja hadi chai ikawa baridi na tope likakauka. Kisha Madamu Verah akaingia. Mwanamke mrembo, mpole wa sauti, Mkenya kama mimi na nyinyi.

"Umewahi kulea watoto?"

"Mamia," nikasema. Nilidhani tunasalimiana.

"Wa umri gani?"

"Kuanzia miaka kumi na minne."

Akakunja uso. "Mwajiri wako wa mwisho alikuwa nani?"

"Serikali."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa akimngojea yaya. Aliniangalia viatu, akaniangalia uso, na nilipomweleza nimekuja kununua, alicheka hadi akashika ukingo wa sinki. Hakuona haja ya kuniomba radhi. Aliona ni kisa kizuri cha kuwasimulia wageni wake.

Lakini alinipeleka sebuleni, na hapo siwezi kusema uongo. Walikuwa kazi safi. Fundi wao anajulikana kwa jina, ameliandika ndani ya kila kichwa, na Madamu alinieleza bila kusitasita nani atanitumia lastiki mpya, ile ya zamani ikilegea. Magoti hayakutetereka. Nilimshika mmoja nikasahau tope langu.

"Wote ni weupe," nikasema. "Nataka mweusi."

"Fundi hawatengenezi. Anasema hawanunuliki."

"Amejuaje kuwa hawanunuliki na hajawatengeneza?"

Hata hivyo nilikuwa karibu kununua. Naomi alisema fundi kwanza, na fundi nilikuwa nimempata, sasa rangi ni nini? Nililitoa kwenye mkoba lile gauni la sampuli nililolishona, la kitenge lenye marinda, nikamvisha yule niliyemshika nione. Madamu Verah aliligeuza pindo, akaitazama mishono, akashusha sauti.

"Umeshona wewe? Kwa mkono? Sikiliza, mama. Achana na kununua. Njoo unifanyie kazi. Nyuma kuna chumba cha wafanyakazi, na watoto ukiwaangalia mchana, jioni utakuwa unashona."

Nilimvua yule mwanasesere gauni langu, kifungo kwa kifungo, nikamlaza kwenye kochi. Nikamwambia, "Mimi nilikuja hapa kama mteja, na ninaondoka kama mteja." Nikapita mlango wa mbele. Askari alinifungulia geti bila kuniuliza kitu, akasema tu kwa lugha yetu, "Pole, mama."

Kangemi

Jioni hiyo nilikaa nyuma ya meza ya Jescah sokoni nikimsaidia kuchambua mrenda, nami nikasimulia yote kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mzima mwenye heshima. Nilimsimulia Jescah kuhusu Maish, kuhusu tyubu, kuhusu kile kidole kidogo kilichokunjwa. Mwanamke aliyekuwa akichagua kunde akasimama wima.

"Kidole cha mkono gani?"

"Wa kulia. Na wewe ni nani?"

"Kimekunjwa hivi?" Akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe. Kilikuwa ndicho.

Aliitwa Consolata. Kazi yake ni kutengeneza miguu bandia kwenye karakana moja mjini. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyopauka kwa resini, na tangu dakika ile ya kwanza alizungumza nami kama mtu anayenidai. Aliacha kunde zake mezani. "Twende nyumbani," akasema, nami nikaenda. Jescah alitufuata na kisu cha kukatia sukuma, hakuwa anamwamini mtu yeyote anayehusika na wanasesere.

Chumba chake kilikuwa na kitanda upande mmoja, na upande wa pili meza iliyojaa magoti. Magoti madogo, ya kila namna, yamepangwa juu ya gazeti. Alinieleza kwamba alianza kwa sababu ya msichana mmoja aliyekatwa mguu na akakataa kuvaa wa bandia. Consolata akamtengenezea mwanasesere ambaye mguu wake mmoja unafunguliwa na kuvalishwa. Mtoto akavaa. Kisha wakaja wengine, na yeye akashindwa kuacha. Wake walikuwa wa kahawia iliyoiva, rangi imechanganywa ndani ya resini yenyewe, si ya kupakwa. Hawakuwa na nyuso za kitoto. Mmoja alikuwa na paji pana na macho ya mtu ambaye umemkatiza akifikiri. Nilipomwona niliketi kitandani bila kukaribishwa.

"Maish alinunua kama huyu mwaka jana," Consolata akasema. "Aliniambia ni wa binti yake. Nikamshukuru."

Kumbe alikuwa amempeleka kwa watu wa faibaglasi, wakamtolea kalibu, yaani umbo la kumiminia, wakamimina wengine ndani yake, na kuwapaka weupe. Jescah aliweka kisu chini. "Huo ni wizi," akasema. "Hata kama ni vitu vya ajabu, ni wizi."

Nikasema basi mimi nitamnunua huyu mwenye paji, hapo hapo, tumkomoe Maish.

"Huyo siuzi. Goti la kushoto linateleza."

"Silioni likiteleza."

"Utaliona baada ya miezi. Mchukue yule mwingine."

Yule mwingine alikuwa mzima, na uso wake haukuniambia kitu. Nikamwambia nimesafiri kutoka Kakamega, nimeombewa kwenye basi, nimeitwa mwizi, nimeitwa yaya, na sasa mtu ananikatalia kuchukua kitu ninachokitaka mwenyewe!

"Sikukatalii wewe," Consolata akajibu, naye amepandisha sauti. "Nakataa goti bovu litoke nyumbani kwangu. Ngoja nimimine jipya, au nenda."

Niliondoka nikiwa nimekasirika hata kuliko nilipotoka Kitisuru. Nusu ya usiku nilimlalamikia Jescah. Ilikuwa karibu nilale ndipo nikatambua kwamba katika safari yote ile, ndiye muuzaji wa kwanza aliyenionyesha kasoro ambayo nisingeiona.

Tena mjini

Kulipokucha nilirudi kwa Consolata nikamwambia nitangoja goti jipya, kisha tukapanda ngazi za lile jengo sisi wawili, yeye amebeba kalibu yake ya mkono wa kulia ndani ya mfuko wa karatasi. Hakupiga kelele. Alifungua kalibu juu ya kaunta ya Maish, akauchukua ule mkono uliodondoka, akaulaza ndani. Kidole kilikaa palepale kwenye mkunjo wake, hata kovu dogo la kiganjani lilipata mahali pake. Ila mkono wote ulikuwa mdogo kidogo, unacheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha mama yake.

"Nakala husinyaa," Consolata alisema. "Wa kwangu unajaa."

Mama wa sidiria alikuja kuona, na wengine. Maish hakukana hata. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

"Sawa, ni wako. Halafu?" akasema. "Nikiandika hapa ni wa Kangemi, nani atapanda ngazi hizi? Watu wanataka Japani, madam. Mimi nimekusaidia kujua soko."

Consolata alichukua mwanasesere mmoja rafuni, akaanza kumkwangua rangi usoni kwa ukucha. Kahawia haikutokea, ndani ilikuwa kijivu. Aliendelea kukwangua. Nikamshika bega, akaendelea. Maish aliwaita walinzi wa jengo, nao wakatushika viwiko, mimi na yeye, wakatuteremsha ngazi mbele ya watu, mwenye kuibiwa na shahidi wake, mwizi akibaki juu akipanga rafu yake. Kwenye kituo cha polisi tulikokwenda, afisa alitusikiliza hadi neno "mwanasesere," kisha akatuambia kuna watu wameibiwa magari. Tulipotoka tena kumtafuta Maish wiki hiyo hiyo, kibanda kilikuwa kinauza miwani.

Nilikaa Kangemi muda mrefu kuliko nilivyowaaga. Baridi ya Julai ilizuia resini kukauka, stima ikapotea, goti la kwanza likatoka na viputo, Consolata akalitupa bila kunionyesha huruma. Mimi nilikaa naye nikisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, tukila githeri ya Jescah, tukigombana kuhusu macho. Jescah alikuja kila jioni kusema hapendi vitu hivi, akakaa mpaka tulipomaliza. Siku goti lilipokubali, Consolata alimkalisha yule mwanasesere, akamwinua, akamkalisha tena, mara nyingi sana, huku amefunga macho na kusikiliza. Kisha akanipa.

"Na akiharibika?" nikamuuliza.

"Si unaijua nyumba yangu," akasema.

Nyumbani

Njiani hakukutokea lolote. Basi lilienda vizuri, na jirani yangu alilala.

Nilimleta kanisani Jumapili kwa sababu mlinisumbua nimlete. Mlimpitisha mkono kwa mkono pale uani, mkalisifu gauni, mkamkunja magoti, wengine mkacheka vizuri. Ndipo wewe Mama Loise, rafiki yangu wa tangu ujana, ukamgeuza, ukamtazama mgongoni kama unayetafuta bei, ukasema mbele ya wote, "Usitudanganye, Mwalimu. Kazi kama hii imetoka ng'ambo. Kangemi wanajua nini?" Na wote mkaitikia.

Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa uani mwa nyumba ya Mungu. Sasa sipo uani mwa mtu. Maneno hayo niliyasikia ghorofa ya juu kabisa mjini, yakisemwa na mwizi, na hayakuniuma kama yalivyoniuma yalipotoka kwenu. Yeye alikuwa anatafuta pesa. Nyinyi mlikuwa mnatafuta nini?

Njoo nyumbani, Mama Loise, uje na wenzako. Chai itakuwa tayari. Nitamvua kiatu cha kushoto. Kwenye wayo, kabla hajamfunga kwenye boksi, mwenye kazi alichora kwa sindano, herufi ndogo sana, zinahitaji miwani: Consolata, Kangemi. Utasoma wewe mwenyewe, kwa sauti, na kila aliyeitikia atasikia.